MIGUU MITATU YA KABONI: USINUNUE KILO ZA KWENYE BOKSI

WIKI hii ukurasa huu unaweka pembeni korosho, kahawa na bei ya dola, ili uzungumzie bidhaa ambayo wengi wetu hatujapata kuiuza: stendi ya miguu mitatu iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ile wanayoitumia washindani wa kulenga shabaha kwa bunduki huko Marekani. Wapiga picha wetu huiita tripodi, na wapima ardhi wamekuwa na ya mbao kwa miaka mingi.

Sababu ya kuichagua ni ya kibiashara. Ni bidhaa chache zinazofanana hivi kwa macho na kupishana hivi kwa bei. Stendi mbili nyeusi zimesimama bega kwa bega dukani. Moja inauzwa takriban dola 250, nyingine zaidi ya dola 1,000, tena kichwa chake hakijahesabiwa. Boksi la ile ya bei ndogo limeandikwa kwamba inabeba kilo 25. Boksi la ile ya bei kubwa lina namba ya karibu hapo hapo. Mnunuzi mgeni anapiga hesabu ya haraka, anachukua ya dola 250 na kuondoka akichekelea kwamba wajinga ndio waliwao.

Maoni ya safu hii ni kwamba mnunuzi huyo amesoma namba isiyomhusu. Kilo za kwenye boksi si kipimo cha kitu anachokwenda kukilipia, na kosa lake ndilo kosa tunalolifanya sisi wafanyabiashara tunapoagiza mali kwa kutazama karatasi ya maelezo bila kuuliza kila namba imepimwaje na inasema nini.

MCHEZO WENYEWE

Tuanze na matumizi, kwa sababu bidhaa haina thamani nje ya kazi yake. Mwaka 2012 huko Marekani yalianzishwa mashindano yanayoitwa Precision Rifle Series, kwa kifupi PRS. Washindani hulenga mabamba ya chuma yaliyowekwa kuanzia mita mia chache hadi kupita mita 1,000. Hawalali kifudifudi wakati wote kama katika ulengaji wa zamani. Kila kituo kina vizuizi vyake: ukuta wa mbao, paa la bandia, ngazi, tairi la trekta, bomba la saruji. Mshindani hupewa sekunde 90 au 120 kwa kawaida, ambamo anatakiwa apande, aegemeze bunduki, apige, ahame, apige tena.

Bunduki za mashindano hayo ni nzito. Nyingi zina kilo 9 au zaidi. Mbele huegemezwa juu ya kizuizi kwa kutumia kifuko kilichojazwa punje. Tatizo liko nyuma. Ukiwa umesimama au umepiga goti nusu, kitako cha bunduki kinaning'inia hewani begani mwako, na kila pumzi unayovuta inakihamisha. Hapo ndipo stendi inapoingia: inasimamishwa chini ya kitako, au chini ya kiwiko, ili sehemu ya nyuma itulie. Katika vituo vingine bunduki yenyewe hubanwa moja kwa moja juu ya stendi. Aidha, stendi hiyo hiyo hubeba darubini ya kutafutia shabaha.

Mwaka 2021 yakaja mashindano mengine, NRL Hunter, yanayofanana zaidi na mawindo. Mshindani huyajua mazingira ya kituo anapofika tu, na ana dakika 4 za kutafuta shabaha, kupima umbali na kupiga. Bunduki zina kikomo cha uzito, ambacho kwa daraja zito ni ratili 16, yaani kilo 7 na robo hivi. Vifaa vyote mtu anabeba mgongoni kutoka kituo hadi kituo. Kwa mashindano haya stendi ni kama jembe kwa mkulima: hutoki nyumbani bila hiyo.

HESABU YA KARATASI MOJA

Sasa tupige hesabu, kwani hesabu ndiyo lugha ya ukurasa huu. Chukua bunduki iliyoegemea kizuizi mbele, na kitako kimeegemea stendi nusu mita nyuma yake. Stendi ikisogea nusu milimita tu, bunduki imegeuka kwa sehemu moja ya elfu. Kwenye mita 600 sehemu moja ya elfu ni sentimita 60. Kama bamba lina upana wa sentimita 30, risasi imepita mbali kabisa.

Geuza hesabu uone unachoruhusiwa. Kutoka katikati ya bamba hilo hadi ukingoni ni sentimita 15. Hiyo ni robo ya sehemu moja ya elfu, na kule kwenye stendi ni robo ya nusu milimita. Karatasi ya kawaida ya mashine ya kunakilia ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa maneno mengine, mshindani aliyetumia maelfu ya dola kwa bunduki, darubini na risasi anaweza kupoteza pointi kwa mwendo wa chini yake usiozidi sana unene wa karatasi moja.

Ndiyo maana swali la mnunuzi mwenye akili si "inabeba kilo ngapi?" Swali ni "inasogea kiasi gani nikiigusa, na inachukua muda gani kutulia?"

KAMBA YA KUANIKIA NGUO

Namba ya kilo inatoka wapi? Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana kukitumia. Kila kiwanda hujipimia na kujiandikia. Kimoja huweka uzito ambao stendi inaubeba kwa raha, kikiacha akiba kubwa ya usalama. Kingine huweka uzito ulio karibu na pale makufuli ya miguu yanapoanza kuteleza. Namba mbili zinazofanana zinaweza kuwa majibu ya maswali mawili tofauti.

Hata kama zote zingekuwa za kweli, bado zingekuwa zinajibu swali la kuanguka, wala si la kutikisika. Kamba ya kuanikia nguo hubeba blanketi bichi bila kukatika. Jaribu kuandika barua juu yake.

Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo ninayemfahamu alijifunza somo hili kwa mtaji wake. Alileta stendi 40 kutoka China kwa ajili ya wapiga video wa harusi. Boksi lilisema kilo 20, na kamera za vijana wale hazikufika kilo 4, hivyo akaona amejihakikishia mara tano. Miezi miwili haikupita zikaanza kurudi. Hakuna hata moja iliyovunjika. Malalamiko yalikuwa mamoja: lenzi ikivutwa karibu ili kumshika bibi harusi usoni, picha inacheza kama imepigwa ndani ya daladala. Aliuza zilizobaki chini ya bei aliyonunulia. Aliponionyesha boksi sikuona uongo wowote. Stendi ilibeba kilo 20 kama ilivyoahidi. Kutulia haikuahidi.

KIPENYO NDICHO MTAJI

Kama si kilo, mnunuzi atazame nini? Atazame unene wa miguu, yaani kipenyo cha bomba la juu kabisa, halafu ahesabu vipande.

Kanuni ya mabomba ni ya zamani na haina siasa. Ukiwa na mabomba mawili ya mali moja na ukuta wenye unene ule ule, ukakamavu wake dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Bomba la milimita 36 likilinganishwa na la milimita 28 halikuzidi kwa theluthi; limezidi kwa zaidi ya mara mbili. Hii ni riba ambayo hakuna benki itakupa: unaongeza milimita 8, unavuna maradufu.

Kanuni hiyo hiyo inakula upande wa pili. Miguu ya stendi hufunguka kama antena ya redio, kila kipande kikiingia ndani ya kilichotangulia, na kila kipande kinachofuata ni chembamba zaidi. Stendi ya kawaida yenye bomba la juu la milimita 36 huwa na vipande vya 36, 32 na 28. Ukitaka ikunjike ifupi zaidi unaongezewa kipande cha nne cha milimita 25 hivi. Kwa hesabu ile ile, kipande hicho cha nne kina takriban theluthi moja tu ya ukakamavu wa kipande cha kwanza, na ndicho kinachogusa ardhi. Kila kiungo nacho ni mahali pengine pa kuchezea.

Kwa hiyo mwongozo wa safu hii ni mfupi. Kwa kazi ya bunduki, bomba la juu lisipungue milimita 32, na 36 au zaidi ni bora. Vipande viwe vitatu ikiwa begi lako linaruhusu. Ikiwa lazima viwe vinne, basi nunua stendi ndefu ya kutosha ili kipande cha nne kibaki ndani siku nyingi. Nguzo ya katikati, ile ya kupandisha kamera juu, ikataliwe. Nguzo hiyo ni mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu, na bunduki itakuwa imesimama juu ya huo mmoja.

NYUZI NA BEI YAKE

Neno "kaboni" lina mvuto kwenye masikio ya mnunuzi, na wauzaji wanalijua hilo. Tuliweke mahali pake.

Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuzalisha nyuzi hizi kibiashara mwaka 1971. Zilikwenda kwenye vijiti vya gofu, vyombo vya uvuvi na ndege. Kwenye stendi zilifika mwaka 1994, pale kampuni ya Gitzo, iliyoasisiwa Ufaransa mwaka 1917, ilipotoa tripodi yake ya kwanza ya kaboni kwa wapiga picha. Walengaji shabaha wamerithi chombo cha wapiga picha na kukiongezea unene.

Faida zake ni za kweli. Kwa ukakamavu ule ule, bomba zuri la kaboni ni jepesi kuliko la alumini. Mtetemo hufa haraka zaidi ndani yake. Halichomi mkono juani wala haligandishi vidole kwenye baridi kama chuma. Hasara zake nazo ni za kweli. Alumini ikigongwa hubonyea na unaliona kovu. Kaboni ikigongwa kwenye jiwe inaweza kupata ufa mdogo usioonekana, ikakusaliti baadaye.

Sasa angalia maneno ya kwenye matangazo. Utaambiwa nyuzi ni daraja la T700, kwa hiyo bora kuliko T300. Kwa takwimu za Toray wenyewe, T700 inazidi T300 kwa nguvu ya kutokatika, lakini kwa ukakamavu zote mbili ni gigapaskali 230. Kutokatika si shida ya mlengaji. Hajapata kuona mguu wa stendi ukikatwa na bunduki ya kilo 9. Utaambiwa tena kwamba bomba lina tabaka 10. Tabaka si kitu mpaka ujue nyuzi zimelazwa upande gani. Zilizolala kwa urefu huzuia kupinda, zilizolazwa mshazari huzuia kujinyonga. Boksi haliandiki hayo.

Na bei? Hapa mwekezaji mdogo atege sikio. Nyuzi za daraja la kawaida huuzwa viwandani kwa makumi ya dola kwa kilo. Stendi nzima bila kichwa ina kilo 2 au 3, na sehemu ya uzito huo ni alumini ya mabega na makufuli. Maana yake nyuzi zilizomo ndani ya stendi ya dola 1,000 haziwezi kuwa na thamani kubwa. Unalipia ufundi wa kuchonga viungo visivyocheza, ukaguzi, dhamana, vipuri, mshahara wa fundi na jina la kampuni. Vitano vya kwanza vina faida kwako. Cha mwisho ni chako kukipima.

KICHWA NA KIBANO

Watu wengi hutumia fedha zote kwenye miguu, kisha wakaweka juu yake kichwa cha bei ya chee. Ni sawa na kujenga nyumba ya matofali na kufunga mlango wa kadibodi.

Vichwa viko vya aina mbili kwa kazi hii. Kichwa cha gololi huzunguka kila upande na hushikwa kwa komeo moja. Kinafaa pale bunduki inapobanwa juu yake na shabaha ziko kwenye miinuko tofauti. Gololi iwe kubwa, milimita 50 au zaidi, kwa sababu zile zile za kipenyo. Aina ya pili ni kichwa cha kusawazisha, ambacho huinama kidogo tu. Kiko chini zaidi, hakina mengi ya kucheza, na kwa anayetumia stendi kama mto wa kitako chini ya kifuko kinatosha kabisa.

Kibano kinahitaji uangalifu wake. Karibu mashindano yote sasa yanatumia reli ya mtindo wa Arca-Swiss, kampuni ya vifaa vya picha. Reli hiyo ina upana wa takriban milimita 38 na kingo za mshazari. Tatizo ni kwamba hakuna chombo cha viwango kinachoilinda. Kila kiwanda kinachonga chake, kikipishana na mwenzake kwa kiasi kidogo. Kibano cha wenzo, kinachofungwa kwa kupigwa mara moja, ni cha haraka lakini huweza kulegea kwenye reli ya kiwanda kingine. Kibano cha kuzungusha ni cha polepole na hukubali tofauti hizo. Mwenye kununua asikubali jibu la "vyote ni Arca." Aende na reli yake mwenyewe, aibane, aitikise.

JARIBU MWENYEWE DUKANI

Soko lisilo na kipimo rasmi linamtaka mnunuzi awe na kipimo chake. Hiki hapa, na hakihitaji maabara.

Kwanza, vuta vipande vyote hadi mwisho, funga makufuli, simamisha stendi kwa urefu utakaoutumia. Shika sahani ya juu kwa mikono miwili uinyonge kushoto na kulia. Ikirudi na kusikika "tak", kuna kiungo kinacheza, usiendelee.

Pili, weka juu yake darubini, lenga maandishi ya mbali, gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu. Stendi nzuri hutulia kabla hujamaliza kutamka moja. Mbovu itakufikisha tatu. Katika kituo cha sekunde 90 chenye risasi 10, sekunde mbili kwa kila risasi ni sekunde 20 zilizotupwa.

Tatu, egemea kwa uzito wa mwili kuelekea chini na mbele, kama mlengaji anavyofanya. Makufuli yakiteleza hata kidogo, kilo zote za kwenye boksi zimefutika.

Nne, fungua kufuli moja mpaka mwisho utazame ndani. Mashindano hufanyika kwenye vumbi na mchanga. Kama huwezi kulifungua kwa mkono na kulisafisha, utalitupa mapema. Uliza pia kama vipuri vinauzwa kimoja kimoja, na kama miguu inakubali misumari badala ya viatu vya mpira.

Baada ya kununua, kumbuka kwamba wepesi wa kaboni una bei yake. Chombo chepesi hurushwa na teke la bunduki. Tandaza miguu, ning'iniza begi chini, sukuma kwa mwili. Anayenunua stendi na kuisimamisha wima kama ya studio amenunua nusu yake.

RAFU TATU ZA SOKO

Soko lenyewe limegawanyika katika rafu tatu. Rafu ya chini ni ya alumini na kaboni nyembamba zilizokusudiwa kamera, dola 100 hadi 250. Rafu ya kati imeshikwa na viwanda vya China, Leofoto ikiwa mashuhuri zaidi, kwa dola mia kadhaa. Rafu ya juu ni ya Wamarekani kama Really Right Stuff, kwa dola 1,000 na kuzidi.

Mpaka kati ya rafu ya kati na ya juu umekuwa ukihama, na si kwa ufundi tu. Aprili 2025 ushuru wa Marekani juu ya bidhaa za China ulipandishwa hadi kufikia asilimia 145, kisha Mei mwaka huo huo ukashushwa hadi asilimia 30 kwa makubaliano ya muda. Mwenye duka aliyeagiza shehena katika wiki zile hakujua atauza kwa bei gani. Hii ndiyo hatari ya kuishi kwa tofauti ya bei peke yake: tofauti hiyo inaweza kufutwa na karani wa forodha usiku mmoja.

Kwa wale wanaouliza kama kuna hisa za kununua, jibu langu ni la tahadhari. Viwanda vingi vya bidhaa hii ni mali ya watu binafsi. Gitzo na Manfrotto ziliangukia mikononi mwa kampuni ya Uingereza iliyoitwa Vitec hadi mwaka 2022, kisha Videndum. Mwaka 2023 waandishi na waigizaji wa Hollywood walipogoma, wateja wake wakubwa walikaa nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikalazimika kuwaomba wawekezaji mtaji mpya wa pauni milioni 125. Watengeneza miguu mitatu walikuwa wameegemea zaidi mguu mmoja.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo watakaosema natetea vya ghali. Hawana haki yote, lakini wanayo kidogo.

Ni kweli kwamba stendi ya dola 1,000 haipigi shabaha. Katika PRS kituo kingine hukatazwa stendi kabisa na mwendesha mashindano, na kifuko kizuri mbele ya bunduki huleta pointi nyingi kwa fedha chache. Mwenye dola 500 tu na hana uzoefu, ushauri wa safu hii ni kwamba nyingi azitumie kwa risasi za mazoezi, na stendi aazime.

Ni kweli pia kwamba anayetembea kilomita kadhaa katika NRL Hunter ana haki ya kuogopa kila gramu. Yeye anaweza kuchukua milimita 32 na vipande vinne akijua anachokiuza na anachokinunua. Biashara ya namna hiyo ni halali. Isiyo halali ni ile ya kununua wembamba ukidhani umepata bei nzuri.

Ni kweli, hatimaye, kwamba stendi za rafu ya kati zenye bomba la milimita 36 zinakaribia sana zile za juu kwa kazi halisi. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha ya mtu wa kawaida inapofanya kazi zaidi, mradi apite na majaribio manne niliyoyataja. Tofauti inayobaki ni dhamana na vipuri, na hiyo ni bima. Kila mtu aikate kwa kadiri ya uwezo wake.

KWA MFANYABIASHARA WA HAPA

Je, haya yanatuhusu nini? Kwenye vitalu vyetu vya uwindaji wasaidizi wa wawindaji bingwa wamebeba fimbo tatu zilizofungwa kwa mpira juu tangu zamani, mgeni akaegemeza bunduki na kupiga. Wanajua kwamba fimbo nene iliyokatwa vizuri inashinda nyembamba yenye rangi nzuri. Wageni wa leo wanazidi kuja na za kaboni, na walio nao porini wana darubini na lenzi ndefu zinazohitaji utulivu ule ule.

Soko letu la stendi ni la wapiga picha, wapiga video na waongoza watalii. Ni dogo, lakini lina kumbukumbu ndefu. Mteja aliyerudisha stendi moja hurudi na wenzake kumi, na hawaji kununua. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza 40, agiza 2. Usimwandikie mwenye kiwanda kumuuliza kilo. Muulize kipenyo cha bomba la juu, idadi ya vipande, bei ya kufuli moja la akiba, na muda wa dhamana. Asiyejibu maswali hayo manne amekwisha kukujibu.

Bei ni namba, na kilo ni namba, na soko limejaa namba. Kazi ya mfanyabiashara ni kujua ipi imepima kitu anachokiuza. Yule ndugu wa Kariakoo sasa anauza stendi chache zaidi kwa bei ya juu kidogo, na amebandika karatasi ukutani yenye kipenyo cha kila moja. Ananiambia tangu wakati huo hakuna iliyorudi.

Hadi wiki ijayo, biashara njema.